Bwana Asukile na Koo Mbili za Ningu

Tarehe 31 Desemba 1957, Bwana Asukile Mwakalobo, mtunza mabwawa ya samaki hapa Kihesa, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Nimeambiwa niandike kwa furaha. Nitajaribu, ingawa moyo unachemka.

Alitoka Tukuyu mwaka 1931, akaajiriwa kufyeka majani. Ni mcheshi: samaki wakiugua huwapa pole, hata mkewe Atuganile hulalamika kwamba yeye akiumwa hapati pole ya namna ile.

Mwaka 1953 wakubwa walitaka kuruhusu nyavu wakati wa kiangazi kwenye madimbwi ya Usangu. Walidai samaki wote aina ya ningu hupanda na mafuriko kutoka mto mkubwa ulio chini, hivyo watakaovuliwa watarudi na mvua. Bwana Asukile akasema hapana: ziko koo mbili, wenyeji na wapita njia, na mwenyeji akiisha ameisha. Mwenyeji ana magamba machache, makubwa. Wakamcheka. Eti tofauti hiyo ya magamba inaletwa na matope na chakula tu!

Akakamua mayai ya kila ukoo, akayaangua mbalimbali, kisha akalea vifaranga vyote bwawa moja, kwa pumba ileile. Wenyeji aliwakata pezi la tumbo la kushoto, wapita njia la kulia, asiwachanganye. Baada ya miaka miwili tukahesabu magamba, samaki mmoja mmoja, mpaka macho yakauma. Kila mtoto alifuata wazazi wake. Mvua ilipoanza, wapita njia wakasongamana kwenye mfereji unaoingiza maji; wenyeji wala hawakugeuka. Mtoto wa nyoka ni nyoka! Nyavu zikazuiwa, na madimbwi yale yana samaki mpaka leo.

Basi taarifa ikaandikwa, na aliyefanya kazi yote akatajwa humo kuwa "boi wa mabwawa". Boi! Mtu mwenye wajukuu sita! Na mimi, karani, nikapiga taipu nikanyamaza. Naona haya. Yeye aliposomewa, aliuliza tu kama hesabu ya magamba imeandikwa sawasawa.

Juzi limebandikwa mlangoni tangazo la nafasi yake: anatakiwa boi wa mabwawa, elimu si lazima. Nimelibandua mimi. Mwenye swali aje kwangu.

Ahsante sana, Bwana Asukile. Mungu akupe afya na umri mrefu, na huko uendako kila mtu akuite kwa jina lako.

Muhidini Jaha, Karani