Kifuniko Kimoja, Kijani

"Taarifa ya Kamati Ndogo ya Kuchunguza Mazingira ya Kutoonekana kwa Kifuniko cha Ndoo, Kimoja, cha Plastiki, Rangi ya Kijani." Hilo ndilo jina lililoandikwa juu ya jalada, wanangu, kurasa kumi na moja pamoja na mchoro wa ndoo uliopigwa kwa rula, na shahidi wa tatu katika jalada hilo ni mimi baba yenu. Sogeeni. Wewe kifungua mimba wangu, acha kunipapasia mto na uchukue kalamu. Mahakama imekufanya karani miaka yote hii uandike maneno ya watu usiowajua, leo utaandika ya baba yako. Na wewe binti yangu, kaa hapa ninapokuona. Usiniambie nipumzike. Kupumzika kunakuja, tena kwingi.

Najua kesho saa nne asubuhi unaitwa mbele ya kamati pale Taasisi ya utafiti, nilikozeekea mimi kabla yako. Hukuniambia, ulimnong'oneza kaka yako jikoni ukidhani mgonjwa hasikii, kumbe ugonjwa wangu uko kifuani, masikio hayajambo. Wanasema umechanganya sampuli, kwamba konokono wa tangi la saba uliowapima hawana udugu wowote na konokono wa lile ziwa la mbali walikotoka, na kwamba mtafiti wa namna hiyo hafai kukabidhiwa hata jagi. Wakikutia hatiani, miaka yako sita inafutwa, na hakuna maabara itakayokufungulia mlango tena. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi yangu sikuyaficha, daktari ameyajaza karatasi mbele na nyuma. Nilichoficha ni kingine, na kifo kimeshabisha hodi, sitaki kinikute nimekishika.

Sikilizeni basi. Kwenye karatasi nilikuwa Msaidizi wa Maabara Daraja la Tatu, Viumbe wa Maji. Kwa lugha ya watu, nililisha konokono, wale wanaobeba mdudu wa kichocho. Nilikuwa na matangi kumi na mawili na kanuni moja iliyozishinda kanuni zote za ofisini: maji ya bomba yana dawa, na dawa hiyo inayotulinda sisi humuua konokono, kwa hiyo maji hulazwa kwenye ndoo siku tatu mpaka dawa iishe. Ndoo zilikuwa mbili. Yenye kifuniko cha kijani, maji yamelala, mimina. Yenye kifuniko chekundu, maji mabichi, usiguse. Profesa aliyeniajiri, mama mmoja mkavu wa maneno aliyewaleta konokono wa tangi la saba kutoka ziwani ndani ya chupa ya chai, akiwa amewapakata safari nzima kama mjukuu, aliniambia siku ya kwanza: "Shahada ninazo za kututosha sote wawili. Wewe niletee mazoea." Nikamletea mazoea, na mazoea ndiyo yaliyoniponza.

Mwaka ule wewe binti yangu ulikuwa na miezi minane, na tumbo la kuhara lilikuwa limekukausha hata ukilia machozi hayatoki. Nesi akamwambia mama yenu, Mungu amrehemu, maji ya kukunywesha yachemshwe na yafunikwe, na sisi ndoo yetu tuliifunika kwa sahani iliyomeguka. Jumatatu nikakitia kifuniko cha kijani ndani ya koti, nikaja nacho nyumbani, nikijiambia ukipona nakirudisha. Kule kazini nikachukua kile chekundu nikafunika maji yaliyolala, yasiingie vumbi, nikasema moyoni: wiki hii nyekundu ndiyo kijani, nitakumbuka.

Jumanne jioni nikajaza ndoo ya pili bombani, nikaiacha wazi. Jumatano asubuhi nilifika sijafumba jicho siku mbili, na mkono haukuniuliza. Uliona nyekundu, ukapita. Ukainua ile ndoo nyingine, ukamimina tangi la saba, maana la saba nilianza nalo kila siku, kama mgeni wa heshima anavyotengewa kwanza. Kabla ya saa sita walikuwa chini wote, wametoka nusu nje ya nyumba zao, kama watu waliotaka kuuliza jambo. Maji yakimwagika hayazoleki. Na Profesa alikuwa anarudi safari kesho yake.

Alhamisi akafika, akakuta tangi la saba lina konokono wanatembea, akavua miwani, akaridhika. Usiniulize sasa hivi walitoka wapi, binti yangu. Hilo ndilo la kuandikwa, na nitalisema kaka yako akishafungua ukurasa mpya.

Kwanza deni langu kwa mtu. Mnamjua yule mzee anayepita mlangoni petu miaka thelathini na miwili bila salamu, nanyi mkamwita mwenye majivuno, nami nikawaacha mwite. Huyo alikuwa mtunza stoo. Tulimwita Bwana Stakabadhi, kwa sababu hata ukimsalimu alitaka uisainie. Kifuniko kilipokosekana alitoa taarifa yeye mwenyewe, ndipo kamati ikaundwa, wajumbe watano, ikaketi mara nne na kunywa chai mara nane, ikaniuliza kama kwa maoni yangu kifuniko kinaweza kupeperushwa na upepo wa wastani. Nikasema kinaweza. Kabla ya kikao cha mwisho Bwana Stakabadhi alikuja hapa kumjulia hali mtoto. Mama yenu akamchotea maji. Akakiona kifuniko, na namba ya Taasisi aliyoiandika kwa mkono wake, rangi nyeupe. Akanywa, akakutazama wewe mikononi mwa mama yako, akasema: "Shemeji, endelea kufunika maji." Akaenda kwenye kamati akasema hajui kilipo. Kamati ikaona kifuniko kilikuwa chini ya dhamana yake, akashushwa cheo, akapelekwa kituo cha nje kutunza magunia. Hakunitaja, si siku ile wala baadaye. Alikuwa ananingoja nijitaje mwenyewe, na mpaka leo anapita hapa kuangalia kama nimeshasema.

Miaka miwili baadaye Profesa akawapa konokono wa tangi la saba mdudu wa kichocho, wakamkataa, hakukua ndani yao. Akawapa tena, wakamkataa. Taasisi haikuwa imeona jambo kubwa kama hilo tangu ivutiwe umeme. Wakuu walipiga picha na tangi, Mkurugenzi akahutubia dakika arobaini juu ya ziwa ambalo hajawahi kulinawia hata mikono, na mimi nikapewa saa ya ukutani na bamba la shaba lenye jina langu mlangoni mwa chumba cha konokono. Kila nikipita chini ya bamba lile shingo iliniwasha. Profesa akatangulia mbele ya haki akiamini. Hilo nalo ni langu.

Lakini linalonikaba zaidi ni lako, binti yangu. Mara tatu umekwenda kwenye ziwa lile kutafuta ndugu za konokono wale, mara tatu umerudi mikono mitupu, na mara zote tatu nilikufungia begi kwa mikono hii, nikakwambia safari njema, nikijua.

Unasema nini? Watalibandua bamba? Walibandue, mama. Matundu ya skrubu wayaache, hayo ndiyo yangu halali.

Nipeni maji kidogo. Basi, yametosha.

Nyumba ni yenu wawili, msiitie ukuta katikati. Saa ya ukutani rudisheni Taasisi, haijawahi kusema kweli hata yenyewe. Kifuniko kiko pale pale, juu ya ndoo ya jikoni. Mama yenu alikufa akiniambia kirudishe. Kesho nenda nacho, kamati wasome namba. Wakishaisoma, kichukue, umpelekee yule mzee, kwa mikono miwili. Usimsainishe. Akitaka kusaini, mwache. Mwambieni nilisema. Na siku ya kunizika, akija, apewe nafasi ya mbele.

Mungu awape usingizi wa mtu asiye na jalada. Awape watoto watakaowasahihisha mapema. Wewe karani... riziki yako iwe na baraka. Wewe mwanangu... tumbo lako lisijue tena kiu.

Pumzi imekuwa fupi. Fungua ukurasa. Tarehe weka wewe.

Andika. Binti yangu hakuchanganya kitu. Kifuniko nilikichukua mimi. Konokono wa ziwani walikufa wote Jumatano ile, kwa maji niliyomimina mimi. Saa saba mchana nilichukua kopo, nikaenda kwenye mtaro nyuma ya jiko la Taasisi, nikaokota konokono arobaini, nikawatia tangi la saba. Ndio hao mpaka leo.