Bitana ya Jicho

Sogeeni, wanangu, mkae mbele yangu na si ubavuni, maana aliye ubavuni kwangu ni sauti tu. Na wewe mdogo wangu baki hapohapo ukingoni mwa kitanda na hiyo bilauri ya maji. Daktari wa moyo ameniambia bila kupindisha maneno kwamba moyo umechoka, nami sikumwekea kinyongo, kwa kuwa hata cherehani imara ikizungushwa miaka mingi hufika siku ikagoma. Sikilizeni basi, wala msinikatize, pumzi yenyewe naipima kama kitambaa kilichobaki kwenye jora.

Tuanze na mali ili tuiondoe njiani. Nyumba hii ni yenu nyote wawili, na haiuzwi maadamu huyu mama yenu mdogo yu hai, kwa kuwa chumba cha nyuma nimempa akikalie tena kama alivyokikalia utotoni. Vyerehani vyote ni vya kitinda mimba wangu, pamoja na kile cha kudarizi ambacho hukata uzi kikimwona mgeni. Duka la mbele na meza ya kukatia ni vya kifungua mimba wangu. Msitazamane hivyo. Ninajua ni dereva wa lori na ninajua hajui kukata hata mto, lakini ninayo sababu, na ndiyo wosia wenyewe.

Babu yenu watu walimwita Majivuno, nami nilipokua wakaniita Malkia, na sote wawili tuliyapata majina hayo kwa kosa moja, la kupita watu bila kuwasalimu. Jirani ananyanyua mkono pale upenuni, mimi napita kama sijamwona. Mteja anasimama kando ya mlango, mimi natazama mbele. Kila jua lilipozama nikaanza kugonga ndoo na viti, na baba yenu, Mungu amrehemu, akawa ananicheka kwamba nyumba hii ina samani nyingi kuliko adabu. Hakuna aliyefikiria macho, na sababu ni ile desturi yetu ya sindano. Mnaifahamu: kila asubuhi kabla ya kufungua, mkuu wa kiwanda chetu cha kushona anasimama mbele ya mafundi wote na kutunga uzi kwenye sindano nyembamba kuliko zote, na siku akishindwa anaachia kiti. Babu yenu alitunga mpaka uzeeni. Mimi nimetunga mpaka mwaka huu, kwa jaribio la kwanza tu, bila kulamba uzi. Nani angesema mtu wa namna hiyo haoni?

Wakasema ni kiburi. Na siku tulipomzika mama yetu, mdogo wangu huyu alisimama mlangoni, akaninyooshea mkono huku analia, nami nikampita nikaenda kuketi. Waombolezaji waliuona ule mkono, yeye aliona nimeuacha hewani, mimi peke yangu sikuona kitu. Akatoka bila kuaga. Ameozesha mabinti zake bila mimi kupelekewa hata salamu, na nilipojifungua wewe, kitinda mimba, hakuja. Nilimwona yeye mwenye kiburi, naye aliniona mimi, na damu yetu nzito ikageuka maji.

Sasa niwaambie alichonieleza yule daktari wa macho, binti mpole mwenye mikono baridi, mlipokwisha kunikokota kwenda kwake. Alinitia dawa ya kupanua mboni, akachungulia mpaka nyuma kabisa. Akasema nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaoitwa retina, na huo ndio unaopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo kwa mshipa wa fahamu. Nikamwambia, basi hiyo ndiyo bitana ya jicho, kama kile kitambaa cha ndani ya koti. Akacheka, akakubali. Katikati ya bitana hiyo pamejaa chembe za mchana, zinazotambua rangi, herufi na tundu la sindano. Pembeni ndiko ziliko nyingi za gizani, zinazoona ndoo, jirani, na mkono unaonyooshwa kutoka kando. Katika ukoo wetu hizi za pembeni hufa mapema, polepole, bila maumivu, na duara la kuona linazidi kufinywa hadi mtu anatazama dunia kama kupitia bomba. Sindano iko ndani ya bomba. Mdogo wangu alikuwa nje yake.

Mwajua wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tumekuwa tukisifu mlango. Na miwani haisaidii hapa, msije mkadanganywa na muuza miwani, kwa maana miwani hurekebisha mwanga kabla haujaingia, ilhali kinachokufa kiko nyuma. Dawa ya kurudisha chembe zetu huyo daktari hana. Lakini mimi nilitoka pale nikiwa mwepesi, wanangu, mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Maisha yangu yote nimejiuliza kwa nini nina roho mbaya bila kujijua. Kumbe si roho. Nikamtuma daktari amwambie mdogo wangu maneno hayohayo kwa simu, kwa kuwa mimi asingenisikiliza, na kesho yake nikasikia hodi yake.

Nipe maji kidogo. Ahsante.

Kitinda mimba, kwako daktari amesema la ukoo halikukugusa, wewe wala wanao, lakini unayo sukari, na sukari hutoboa vijishipa vya bitana hiyo vikavuja, nawe huhisi chochote mpaka umechelewa. Wamekuchoma kwa miale pale palipoanza, pamekauka. Usipoziba ufa utajenga ukuta: rudi kila mwaka, hata kama unaona vizuri, hasa kama unaona vizuri. Na yeyote kati yenu akiona ghafla vimulimuli, au nzi weusi wengi, au pazia linashuka upande mmoja, asilale nalo. Bitana inabanduka, na siku hiyohiyo ndiyo ya kushonwa.

Sasa wewe, kifungua mimba wangu. Nilikuomba ukapimwe, ukanitungia sindano hapa kitandani na kusema, "Mama, macho yangu mazima." Nilikuomba tena, ukasema ukikutwa nayo utakula nini. Wakati huo umekwisha kugonga nguzo ya lango la yadi, na utingo wako ndiye aliyekuwa akikuonya usiku, mpita njia kushoto, baiskeli kulia, nawe unamwita mwoga. Niliyajua kwa sababu alikuja kunieleza, na msimlaumu. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio nilichokiogopa si changu tu, ni cha mama wa mwendesha baiskeli nisiyemjua. Kila jua lilipozama nikakaa nasubiri simu ya msiba.

Juzi ukaenda. Wakakuketisha mbele ya ile mashine ya vitaa, ubonyeze kila unapoona kimoja kinawaka, ukarudi kuniambia mashine ni mbovu, vitaa vyake vingi haviwaki. Daktari alikuwa nyuma yako, akasema vyote viliwaka. Mimi nililia. Na jana ukaja na funguo za lori ukasema unazipeleka mwenyewe kwa tajiri wako, na kabla ya adhuhuri ukawa umerudi mikono mitupu. Mwanangu, hujawahi kunipa zawadi kubwa kuliko hiyo mikono mitupu. Ndiyo maana meza ni yako. Kukata nguo ni kazi ya mchana, na ya katikati ya jicho, na huyu dada yako mdogo atakufundisha, na akikukaripia umvumilie. Wanao wapelekeni wakapimwe wakiwa wadogo.

Ile desturi ya sindano iacheni. Watu wanaotupita bila salamu wasalimuni nyinyi kwanza, kwa sauti. Mnizike asubuhi... mchana, kweupe, ili mwanangu aone njia ya kurudi. Mungu awape... awape kuonana. Msikosane. Nimewaridhia nyote, radhi ya... ya mbele na ya pembeni.

Nishikeni tu hivyo. Sina baridi. Jua likizama leo... mwanangu hayupo barabarani.