Fundi Melchior na Bastola Iliyogandara

Ndugu, majirani wa Gasenyi na jamaa wa Buyenzi mliotembea kwa miguu hadi hapa, poleni kwa jua na asanteni. Anayelala mbele yenu ni Melchior Barampanze, fundi wa silaha. Maisha yake yameandikwa na shemeji yake Pierre, mdogo wa mjane Daphrose. Daphrose aliyasoma mara tatu kabla ya kupigwa chapa, na alichotaka kiandikwe kimeandikwa, hata pale Pierre alipotaka kupita haraka.

Melchior alizaliwa tarehe 9 Agosti 1937 huko Nyabiraba, mtoto wa tatu wa Mzee Bakundukize. Alisoma shule ya msingi ya mapadri hadi mwaka 1951, akakosa wiki mbili tu, alipofukuzwa kwa kuifungua saa ya ukutani ya mkuu wa shule. Aliirudisha ikitembea, na miaka mingi ilikuwa haitembei, lakini viboko alipewa vilevile. Kuanzia 1952 hadi 1955 alijifunza ufundi wa vyuma, kisha akaajiriwa na klabu ya walenga shabaha mjini Bujumbura kutunza silaha za wanachama.

Tarehe 18 Aprili 1964 alimwoa Daphrose. Walizaa watoto wanne: Caritas mwaka 1966, Bonfils mwaka 1974, kisha kichanga aliyefariki mwaka 1977 kabla ya ubatizo, na Joëlla mwaka 1979. Daphrose anasema mumewe alikuwa mpole, hakumpigia kelele hata siku moja, ila nyumba ilikuwa na wake watatu: yeye na bastola mbili.

Bastola hizo, zote za kalibri kubwa ya milimita 11.43, zilikuwa na kibali cha serikali. Ya kwanza aliachiwa na Mbelgiji wa klabu aliyerudi kwao mwaka 1962; hiyo aliiita Mzee. Ya pili aliinunua mwaka 1978 kwa mfanyabiashara Mgiriki aliyekuwa akifunga duka, nayo ikabaki na jina hilo, Mgiriki. Mwaka 1980 alipofungua karakana yake Buyenzi, ubavuni mwa Huseni fundi wa rejeta za magari, watu walikuwa wakimchokoza makusudi wamsikie akizilinganisha. Basi hapo usiwe na haraka! Mzee ni nzito kama pasi ya mkaa, angesema, inabeba risasi saba, inakupiga teke hadi kwenye kiwiko, lakini inakula risasi yoyote, hata iliyolala miaka kumi kwenye kopo. Mgiriki inabeba nane, inakaa vizuri mkononi, na kwa hatua ishirini na tano itatoboa kizibo cha bia. Tatizo lake ni kudeka: unyevu wa ziwa unaipa kutu wiki moja tu usipoipaka mafuta, na risasi isiyoipenda inaitema.

"Sasa we ungechukua gani?" Huseni alimuuliza siku moja.

"Ya kupiga, Mgiriki. Miaka yote haijanidanganya."

"Na Mzee?"

"Mzee inajua mambo ya mutu."

Huseni alicheka. Daphrose, aliyekuwa amemletea mumewe chakula, hakucheka.

Kila Jumamosi Melchior alizisafisha zote mbili, akazitoa risasi, akavuta sehemu ya juu ya kila moja mara tatu. Novemba 1971, wiki aliyofariki baba yake, Mzee ilikataa kuvutika. Aliifungua ikafunguka vipande vipande bila taabu: hakuna kutu, hakuna uchafu, hakuna kilichovunjika. Akairudisha pamoja, ikakaza tena. Ikabaki hivyo siku zote za kugandara, zile siku za msiba ambapo kwetu hakuna anayeshika jembe wala nyundo. Asubuhi baada ya msiba kuondolewa, ilivutika yenyewe kama siku zote. Ikawa hivyo alipofariki kichanga. Mwaka 1985 ilikaza Jumamosi, na mjumbe wa kutangaza kifo cha mama yake alifika kutoka Nyabiraba Jumapili. Tangu hapo Daphrose alikuwa akisimama mlangoni kila Jumamosi na mikono imemlowa, akingoja kusikia chuma kikiteleza mara tatu.

Jumatatu tarehe 3 Juni 1996, Bonfils alitoka nyumbani Gasenyi saa moja asubuhi kwenda mjini kuchukua barua ya kazi. Vita mnaijua, haina haja ya kusimuliwa hapa. Hakurudi. Familia ilimtafuta hospitali, gerezani, na kule ambako watu walikuwa wakiwatambua maiti wao kwa viatu. Jumamosi ile Mzee ilivutika mara tatu, na Melchior akamwambia mkewe, "Anaishi." Wiki zikawa miezi, miezi ikawa miaka, kila Jumamosi neno ni lile lile. Kwa neno hilo Daphrose alimkatalia padri misa ya wafu. Hakunyoa nywele, kama anavyonyoa aliyefiwa. Caritas alipothubutu kusema, "Mama, tumulilie basi, tupumzike," alifukuzwa nyumbani, na mama na binti hawakusalimiana kwa miaka miwili.

Melchior alianza kuugua sukari Oktoba 2003. Mguu wa kushoto ulikatwa Januari. Jumapili tarehe 7 Machi, akiwa amerudishwa nyumbani, aliomba Pierre azipeleke bastola polisi pamoja na vibali vyake. Daphrose akazitoa sandukuni, na kwa kuwa alikuwa amemtazama mumewe miaka arobaini, alizivuta kwanza ahakikishe hazina kitu. Mzee ilivutika. Mgiriki, ambayo Daphrose hakuwahi kuisikia ikikaza, ilikataa. Alivuta kwa mikono miwili. Pierre naye alijaribu, na anakiri hapa kwamba mwili ulimsisimka, kwa sababu chuma kile kilikuwa cha baridi na chumba kilikuwa cha joto.

"Melchior," Daphrose akauliza, "tangu lini?"

Mgonjwa aligeuza uso ukutani. Kisha akasema yote. Jumamosi tarehe 15 Februari 1997, Mzee ilikaza. Mkewe alikuwa kanisani. Akijua kwamba haitavutika mpaka aliyekufa aliliwe, na kwamba akimlilia mkewe atajua, alitoa resori ya Mzee, ile springi inayorudisha sehemu ya juu, akaitia kwenye Mgiriki, na ya Mgiriki akaitia kwenye Mzee. Zilikuwa zinaingiliana. Mzee ikateleza. Mgiriki ikakaza, na kwa miaka saba aliisafisha peke yake, akasingizia kutu.

"Kwa hiyo mutoto aliishi miezi minane," Daphrose alisema. "Miezi minane alikuwa pahali fulani. Na we ulijua siku aliyokufa."

"Nilitaka ungojee. Niliona kungoja kunakusimamisha. Kulia kungekuua."

"Apana. Ungeniacha nilie, Melchior. Alikuwa wangu pia."

Pierre alitoka nje. Waliyoambiana baadaye ni yao. Inajulikana tu kwamba Daphrose alimkasirikia, akamkasirikia kweli, na usiku huo huo akamwosha na kumgeuza kama kila usiku. Jumatatu alimtuma Joëlla kwa Caritas, naye Caritas akaja akikimbia, akapiga magoti kitandani kwa baba yake. Melchior alifariki Alhamisi tarehe 11 Machi 2004, saa kumi na nusu alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Bastola hazijapelekwa. Daphrose amesema zitakwenda polisi msiba ukiondolewa, si kabla.

Marehemu ameacha mjane, Daphrose. Mabinti wawili, Caritas na Joëlla. Mjukuu mmoja, Loïc. Shemeji yake Pierre. Na rafiki yake Huseni, aliyefunga karakana yake wiki nzima bila kuombwa. Karatasi ya kwanza iliyotoka kwa mpiga chapa ilimweka Bonfils kati ya waliobaki. Daphrose alilikata jina lile kwa mkono wake, na misa ya leo ni ya wawili.

Jana asubuhi Caritas alimnyoa mama yake kichwa chote. Jirani mmoja akasema, kwa kumfariji, kwamba amemheshimu bwana wake vizuri.

"Hizi ni za mutoto," Daphrose alijibu, akiziokota nywele. "Za bwana zingoje ziote."

Melchior na Bonfils, baba na mwana, Mungu awapumzishe wote wawili kwa amani.