Andongwisye Mwasanguti na Mikono ya Felista

Ndugu waombolezaji, kabla hatujamsindikiza mzee wetu, familia inaomba mtulie msikie alikotoka.

Andongwisye Mwasanguti alizaliwa Ikolo tarehe 14 Mei 1948, mtoto wa tatu wa mzee Lazaro, akasoma hapo hapo hadi darasa la nne mwaka 1961, kisha akarudi shambani kulima mpunga. Mwaka 1974 alifunga ndoa na Marta, wakajaliwa Anyitike na Jubilate, na biashara ya mpunga ilipofunguliwa kwa watu binafsi, yeye na mdogo wake Aliko waliweka mashine ya kukoboa pale Mbugani mwaka 1989.

Tarehe 9 Agosti 1992, asubuhi, alishika waya uliochubuka nyuma ya mota, umeme ukamtupa chini. Aliko alizima swichi kubwa, akamkuta kaka yake hapumui, watu wakaanza kulia, wengine wakitaka amwagiwe maji, wengine wakitafuta shuka la kumfunika. Felista, mama muuza mitumba kutoka Karonga, ng'ambo ya mpaka upande wa Malawi, aliyekuwa akisubiri kukobolewa mpunga wake, alipiga magoti, akaweka viganja katikati ya kifua, akaanza kukandamiza kwa nguvu na kwa haraka, kama alivyofundishwa na akina mama wenzake wa kanisani kwao. Watu walimvuta mabega wakidai anaidhalilisha maiti. Marta, aliyefika akikimbia kutoka sokoni, alimtazama mumewe, akamtazama yule mwanamke asiyemjua, asijue heshima iko upande upi, kisha akasema, “Mwacheni. Kama amekufa, hatamuua mara ya pili.”

Felista alipochoka alimwonyesha Aliko pa kuweka mikono, wakapokezana, hata Andongwisye akakoroma, akavuta pumzi. Hospitalini daktari aliieleza familia kwamba moyo ulikuwa umesimama, na mikono ile ndiyo iliyosukuma damu ikafika kichwani. Wangesubiri gari tu, wangeleta maiti.

Alipona akiwa na mbavu zilizovunjika ambazo hakuwahi kuzilalamikia, na mwaka 1994 akazaliwa mtoto wao wa tatu, Lusungu. Hakuwa msemaji, lakini kila baada ya mavuno alimwomba Felista avuke mpaka awafundishe watu pale mashineni, naye Andongwisye akilala mkekani waonyeshwe mahali pa viganja, kisha wakikandamiza gunia la pumba, kwa kuwa kifua cha mtu ambaye moyo wake unapiga hakifanyiwi mazoezi. Mara ya kwanza kumwona amelala vile Marta alitoka nje, na mwaka uliofuata akawa wa kwanza kupiga magoti. Mwaka 1998 jirani yao Kenani alianguka, akakandamizwa vivyo hivyo, hakurudi, na Andongwisye alikaa msibani hadi mwisho, akisema kwamba angalau Kenani hakuondoka huku watu wamesimama wakimtazama.

Mwaka 2002 aliugua ini, akalazwa mara kadhaa, akafariki nyumbani Bondeni tarehe 3 Machi 2003, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Marta. Safari hii hakuna aliyemkandamiza kifua, kwa kuwa mwenyewe alikuwa ameomba aachwe aende.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Bondeni, na wenye mashine wenzake waliofunga kazi leo. Felista yupo kati yetu, amekaa nyuma pamoja na wanawake wa jikoni. Familia inamwomba asogee mbele, akae na watoto, na wakati wa kutia udongo kaburini atie pamoja nao, maana miaka hii yote ya baba yao, na Lusungu mzima, ilipita mikononi mwake. Ndaga fijo, asante sana, mama.

Nawe Andongwisye, baba wa watatu, pumzika kwa amani.