Mzigo Umefika

Nyumbani wanajua fundi huyu anatengeneza mashine za kopi, ndiyo maana mkewe haishi kumletea printa mbovu za majirani. Ukweli ni kwamba yuko jeshini, kwenye kitengo cha siri kisicho na hata kibao mlangoni, na kazi yake ni kuifundisha mashine kusikiliza simu za watu.

Asubuhi hiyo, ndani ya treni, kina mama wawili wasiojuana walikaa mbele yake.

"Mume wangu yuko ndani siku ya kumi na moja," alisema mwenye godoro la mtoto. "Eti alisema kwenye simu, mzigo umefika."

"Mzigo gani, dada?"

"Si godoro hili. Alikuwa ananiambia nikalichukue stendi."

"Basi kuna mtu kamchongea."

"Hakuna mtu. Polisi wenyewe wanasema ni mashine."

"Na aliyeifundisha hiyo mashine, kwao hawatumiani mizigo?"

Fundi akaviinamia viatu vyake. Neno "mzigo" aliliingiza yeye kwenye mashine, Ijumaa moja akiwa na haraka ya kurudi nyumbani, na Jumatatu wakubwa wakampa mkono wa pongezi.

"Labda huyo aliyeifundisha alikosea," likamtoka.

"Si aseme, basi," alijibu mwenye godoro.

Treni ikasimama. "Kaka, samahani, nishushie mzigo."

Akaushusha. Ulikuwa mwepesi kama kitu kisicho na kosa.

"Ahsante, kaka. Kwani unafanya kazi gani?"

"Mimi? Natengeneza mashine za kopi."