Jani Juu ya Banda la Asali

Sogeeni, wadogo zangu, Gaétan huku kulia na wewe Manon kushoto, na msitazamane kama paka waliokutana jaani. Nitazameni mimi, maana wilaya nzima haina sura nzuri kuliko hii, hata baada ya tawi la mti wa maple kunivunja mgongo. Daktari anasema mapafu yanajaa maji. Yeye amesoma, mimi niliacha shule darasa la nane ili niwalishe ninyi baba na mama walipofariki, na bado nachemsha utomvu wa miti hiyo hadi uwe asali inayomfanya padri alambe kijiko mbele za watu. Kwa hiyo msikilizeni mtu anayejua mambo, na msinikatishe, pumzi yenyewe ni ya kuazima.

Tawi sikuliogopa. Naogopa Jumatatu. Jumatatu jimbo letu zima la Quebec linapiga kura, tubaki Kanada au tujitoe, na kwetu kura ilishapigwa juu ya banda la kuchemshia. Lile jani la maple la bati alilolikata baba kwa mkono wake akalipigilia juu ya mlango, wewe Manon ulilipaka nyekundu kama jani la bendera ya Kanada, ya wakubwa wa Ottawa, kesho yake Gaétan akapanda ngazi akalipaka bluu ya bendera ya Quebec, kisha nyekundu, kisha bluu tena, na leo ni rangi ipi sitaki hata kuambiwa. Nilikuwa nacheka. Sasa sicheki, kwa sababu juzi niliwasikia hapo mlangoni, mkidhani nimelala.

"Tukishinda, nachukua nusu yangu ya msitu na kuitia shoka," ulisema, Gaétan. "Sitaki jani lao shambani kwangu."

"Kata, mjinga wee," Manon akajibu, "halafu uje kwangu kuomba asali ya kumwagia mayai yako."

Gaétan, nani kakudanganya kuwa jani ni lao? Babu yake babu yetu alilibandika kifuani, bichi kabisa, akaandamana nalo sikukuu yetu sisi Quebec, ya Mtakatifu Yohana, wakati bendera ya Ottawa haijapata hata uzi wa kuishonea. Wametuiga. Mtu akiiga kofia yako, utajikata kichwa? Na wewe Manon, acha kutabasamu. Ulipanda ngazi kumkera ndugu yako, si kwa kuipenda Kanada. Ningekuuliza maneno ya wimbo wake ungeishia mstari wa pili.

Sasa urithi. Jana nilimwita mwanasheria, akaandika huku akinitazama kama mwendawazimu. Miti yote, kila shina, ni ya Manon. Banda, tanuri, sufuria pana na matangi ni vya Gaétan. Nuneni tu. Gaétan, huwezi kuukata mti usio wako. Manon, utomvu ukilala unachacha, utauchemshia wapi, kwenye birika la chai? Kila theluji ikianza kuyeyuka na utomvu kutiririka, mmoja wenu atabisha hodi kwa mwenzake, apende asipende. Hiyo ni akili yangu peke yangu, na shule ingeniharibia.

Lakini naogopa bado. Nyinyi ni wakaidi, mnaweza kuuacha utomvu uchache na tanuri lipate kutu, kila mtu akimsubiri mwenzake aombe kwanza. Karatasi haiwezi kubisha hodi.

Jeneza langu msilifunike bendera yoyote, si ya Kanada yenye jani, si ya Quebec yenye maua meupe. Mtalibeba mbele nyinyi wawili, bega kwa bega. Manon, kwa ufupi wake, avae viatu vya visigino virefu, nisije nikafika kanisani nimeinama upande.

Nifunikeni miguu. Hapo... basi. Mungu awape majira ya utomvu yenye usiku wa barafu na mchana wa jua, ndoo zijae, na hasira zenu ziwe fupi. Nipeni mikono, hapa kifuani, mmoja juu ya mwingine. Huu ni wa Manon, nasikia pete ya mama.

Gaétan... mkono. Nausubiri. Usinicheleweshe, mdogo wangu, leo sina... leo sina pumzi ya kujisifia.