Monicah Boke Okeyo na Makofi ya Soko la Ndhiwa

Monicah Boke Okeyo, ambaye wengi walimjua kama Mama Kiherehere wa redioni, alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 karibu na Kehancha, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Werema na marehemu Mama Gati.

Alisoma huko huko nyumbani hadi darasa la saba, mwaka wa 1967. Siku moja mwalimu mkuu alikawia mkutanoni. Boke akavaa koti lake lililokuwa kitini, akashika fimbo, akafundisha hesabu kwa sauti na kikohozi cha mwalimu mpaka mwenyewe akaingia. "Endelea," mwalimu akamwambia, "lakini mimi sikohoi hivyo."

Mwaka wa 1972 alifunga ndoa na Bwana Zadock Okeyo, fundi cherehani wa Rangwe. Mungu akawapa Willis na Perez.

Mwaka wa 1979 alijiunga na kikundi cha maigizo cha Migori, na mwaka wa 1986 redio ikamchukua. Mama Kiherehere, redioni na jukwaani, ni yule mwanamke wa gambuti na kofia ya kiume, asiyekosa kujiingiza kwenye harusi ya mtu. Watu walikuwa wakimwona barabarani wanacheka kabla hawajamsalimia.

Ugonjwa ulianza mwaka wa 1991. Alikaa siku nne bila usingizi, akisema redio inamsengenya. Daktari alisema ni ugonjwa wa akili. Nyumbani wakakubaliana neno hilo lisitoke nje. Mtu akimuulizia, anaambiwa ameenda Nairobi kurekodi. Vidonge alimezea jikoni, mlango umefungwa, na alipopata nafuu akaviacha, akiogopa kuonekana navyo.

Tarehe 20 Februari 1993, siku ya soko, alifika Ndhiwa peke yake, akapanda juu ya meza ya nyanya, akawa analia na kuita watu ambao hawapo. Umati ukajaa. Wakampigia makofi. "Mama Kiherehere, ongeza!" Ni Asmaa tu, muuza vitambaa, aliyetazama miguu yake. Gambuti hazikuwepo. Alikuwa peku, kisigino kinatoka damu.

"Nyamazeni nyinyi! Huyu haigizi!" Asmaa akamfunga leso yake, akakaa naye dukani mpaka Mzee Zadock akafika.

Alilazwa miezi minne, kisha akakaa nyumbani mwaka mzima, akiwa hana hakika kama ataigiza tena. Tarehe 6 Agosti 1994 alirudi soko lile lile, gambuti miguuni, akainua chupa ya vidonge juu. "Mwaka jana mlinipigia makofi nikiwa mgonjwa," alisema. "Basi leo nipigieni nikiwa mzima!" Soko lilitikisika. Tangu siku hiyo alimeza dawa mezani, mbele ya wageni, pamoja na uji wake. Watu walimletea wagonjwa wao kwa siri, naye aliwasindikiza hospitali mchana, akiwashika mkono. Aliigiza miaka minne zaidi.

Oktoba 1998 alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa Homa Bay. Mzee Zadock alimwinamia akamwambia, kwenye wasifu wake wa mazishi, ule ugonjwa wa zamani waandike tu ni malaria.

"Malaria ya miaka saba, Baba Willis? Hiyo mbu ilikuwa na bidii!" Kisha akamgeukia Emmaculate, mke wa Willis, aliyekuwa akinyonyesha pale miguuni pa kitanda. "Nyathina, mwanangu, andika wewe. Na usiruke Ndhiwa."

Alituaga asubuhi ya tarehe 11 Novemba 1998, vidonge vya siku hiyo akiwa ameshameza. Mzee Zadock aliusoma wasifu huu kabla haujachapwa. Hakufuta hata neno moja.

Ameacha mume wake Zadock, watoto Willis na Perez, mkaza mwana Emmaculate, wajukuu watatu, na rafiki yake Asmaa, aliyekuja leo na leso ile.

Pumzika kwa amani, Mama, kazi umeimaliza. Na nyinyi mliotoka Ndhiwa, msione haya. Mpigieni makofi.